Nani Kakujibu? Jinsi ya Kutambua Nodi ya Proksi Iliyokuletea Ukurasa

Watu wawili wameketi benchi moja nje ya steshenari pale Tinde, mkoani Shinyanga, kila mmoja na simu yake. Wanafungua tovuti ileile, dakika ileile. Kwa mmoja ukurasa unafunguka vizuri. Kwa mwenzake duara linazunguka weee, mwisho yanatokea maandishi ya Kiingereza na namba 522. Hukumu hutolewa papo hapo: bando limeisha, simu imechoka, mnara hauna nguvu, tovuti imekufa. Mara nyingi hakuna hata moja lililo kweli. Maombi yao yamejibiwa na mashine mbili tofauti, pengine zilizo katika nchi mbili tofauti, na moja kati ya hizo imeshindwa kufanya kazi yake.

Tovuti kubwa za leo hazikai kwenye seva moja inayosubiri wateja. Mbele ya seva mama husimama kundi la seva za kati, yaani proksi. Hizo ndizo zinazopokea ombi lako, zinaangalia kama zina nakala ya ukurasa unaoutaka, na zikikosa zinakwenda kuuchukua kwa seva mama. Kila mashine katika kundi hilo ni nodi. Wewe unaona jina moja tu la tovuti juu ya kivinjari, lakini nyuma ya jina hilo kuna nodi makumi au maelfu.

Anayeifahamu Tinde hahitaji mfano mwingine. Lori lililotoka Nzega likifika njia panda laweza kukata kwenda Shinyanga na Mwanza, au likashika ya Isaka na Kahama kuelekea Rusumo. Anayeusubiri mzigo mbele ya safari hatajua lilipita wapi mpaka asome karatasi za dereva. Jibu la intaneti nalo huja na karatasi zake, na karibu kila mtu anazipokea bila kuzisoma.

Kwa simu peke yake

Tuanze na njia isiyohitaji kompyuta wala programu mpya. Tovuti nyingi tunazofungua zimewekwa nyuma ya proksi za kampuni ya Cloudflare. Ukitaka kujua kama tovuti fulani ni mojawapo, andika anwani yake kwenye kivinjari, kisha mwishoni ongeza maneno haya bila nafasi:

/cdn-cgi/trace

Kama tovuti haiko huko, utaambiwa ukurasa haupo, basi hapo umeshajibiwa. Kama iko, utaona mistari mifupi ya maandishi matupu. Mingi haikuhusu. Tafuta mstari unaoanza na colo=. Mbele yake kuna herufi tatu, nazo ni zile zinazotumika kwenye tiketi za ndege kutaja viwanja. DAR ni Dar es Salaam, NBO ni Nairobi, MBA ni Mombasa, KGL ni Kigali, EBB ni Entebbe, JNB ni Johannesburg, FRA ni Frankfurt, AMS ni Amsterdam. Usitafute SHY. Hicho ni kiwanja cha Ibadakuli, Shinyanga, na hakuna nodi ya Cloudflare pale. Mtu wa Tinde, Kahama au Katoro akipata DAR ajue jibu limetoka ndani ya nchi.

Mstari wa fl= unataja kundi la mashine ndani ya kituo hicho kwa lugha ya mafundi wao wenyewe. Hutaweza kuufasiri, lakini unakili ulivyo, kwa sababu fundi wa upande wa pili anaweza. Mstari wa loc= unaonyesha nchi ambayo nodi inadhani uko, na ts= ni muda. Mstari wa ip= ndio wa kuangalia kwa makini, maana hiyo ni anwani unayoonekana nayo mtandaoni. Ifute kabla ya kutuma picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kumpa fundi anayekushughulikia hakuna neno, lakini watu mia mbili wa kundi hawana kazi nayo.

Jambo moja watu hulikosea: wanafungua trace ya tovuti nyingine, wanaona DAR, wanahitimisha kwamba kila kitu kinatoka Dar. Tovuti mbili zinazotumia kampuni ileile zinaweza kupelekwa miji tofauti, kwa laini ileile, saa ileile. Pima tovuti ileile inayokusumbua.

Na kama ukurasa umegoma kabisa? Hapo kazi ni rahisi zaidi, ingawa wengi hukimbilia kuufunga. Ukurasa wa kosa wa Cloudflare huwa na picha tatu zilizopangwa mstari mmoja: kivinjari chako, kisha proksi, kisha seva mama. Chini ya picha ya katikati umeandikwa mji wa nodi iliyokuhudumia. Penye alama nyekundu ndipo palipokwama. Namba ya kosa nayo inasema kitu. 521 maana yake seva mama imekataa kupokea muunganisho. 522 maana yake nodi imebisha hodi na haikuitikiwa kwa wakati. 524 ni kwamba iliitikiwa, ikaingia, lakini jibu lenyewe halikutoka. Katika zote tatu simu yako haina kosa, bando lako halina kosa, na kuzima na kuwasha hakutasaidia chochote. Chini kabisa kuna Ray ID, mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Hiyo ndiyo stakabadhi ya ombi lako moja, na inabadilika kila unapopakia upya. Piga picha kwanza, ndipo upakie upya.

Tovuti nyingine hutumia proksi za Akamai. Huko ukikataliwa utaona maneno Access Denied na chini yake Reference ikifuatiwa na namba ndefu zenye nukta. Utaratibu ni uleule: nakili yote, hata nukta.

Kwa kompyuta ya steshenari

Mwenye kompyuta ana uwanja mpana zaidi. Fungua Chrome au Firefox, bonyeza F12, chagua sehemu iliyoandikwa Network, kisha pakia ukurasa upya. Bonyeza mstari wa kwanza kabisa katika orodha itakayotokea, halafu Headers. Hivyo ni vichwa vya jibu: mistari ambayo seva hutanguliza kabla ya ukurasa wenyewe. Anayependa njia fupi afungue dirisha la amri la Windows, maana tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018 programu ya curl imo humohumo, aandike curl -I na anwani kamili ya tovuti. Herufi I ni kubwa. Kwenye PowerShell andika curl.exe, la sivyo utapata kitu kingine.

Sasa soma. Kwa Cloudflare tafuta cf-ray, na herufi tatu za mwisho baada ya kistari ndizo mji. Kwa Amazon CloudFront tafuta x-amz-cf-pop, utakuta kitu kama NBO50-C1, yaani kituo cha Nairobi. X-amz-cf-id ndiyo stakabadhi. Kwa Fastly tafuta x-served-by, ambayo huja na jina la mashine likiishia na mji, mfano cache-jnb na tarakimu zake. Ikiwa majina ni mawili yametenganishwa kwa mkato, la mwisho ndilo la nodi iliyo upande wako, na la kwanza ni la nodi iliyo karibu na seva mama. Watu huyasoma kinyume kila siku.

Kuna kichwa cha zamani kuliko vyote hivi, Via, kilichomo katika kanuni za mawasiliano ya wavuti, HTTP, tangu toleo la 1.1 la mwaka 1997. Kila proksi inayopitisha ombi inatakiwa iandike jina lake humo. Kanuni zinaruhusu jina la bandia, kwa hiyo mara nyingi utakuta neno varnish tu, lisilokuambia mashine ipi. Lakini idadi ya majina ndani ya Via inakuonyesha jibu limepita mikono mingapi.

Halafu kuna Age. Hicho huonyesha idadi ya sekunde ambazo nakala imekaa ghalani kwenye nodi. Rudia amri ileile mara kadhaa mfululizo. Ikiwa Age inapanda taratibu, 40, 43, 47, unazungumza na ghala moja. Ikiruka kutoka 47 kwenda 3 kisha ikarudi 52, katika mji uleule umo mikononi mwa nodi zaidi ya moja. Ni kipimo kidogo kisichohitaji ruhusa ya mtu, na ndicho ninachokipenda kuliko vingine.

Wikipedia ya Kiswahili ni darasa zuri

Anayetaka kujifunza bila kubahatisha aanze na Wikipedia ya Kiswahili, kwa sababu wenye nyumba hawafichi kitu. Andika:

curl -I https://sw.wikipedia.org/wiki/Shinyanga

Miongoni mwa vichwa kuna x-cache, chenye majina yanayoanza na cp na tarakimu nne, mfano cp6011 miss, cp6011 hit/5. Hizo ni nodi za Wikimedia zenyewe, na tarakimu ya kwanza inataja kituo: 1 ni Ashburn katika jimbo la Virginia, 2 ni eneo la Dallas, 3 ni Amsterdam, 4 ni San Francisco, 5 ni Singapore, 6 ni Marseille, 7 ni São Paulo. Kwa hiyo cp6011 ni mashine iliyoko Marseille, kusini mwa Ufaransa, mji ambao nyaya nyingi za baharini kutoka upande wetu hufikia. Katika vituo hivyo saba hakuna hata kimoja kilicho Afrika. Ukurasa kuhusu Shinyanga, ulioandikwa kwa Kiswahili, husafiri kutoka ng'ambo kila unaposomwa Shinyanga.

Maneno miss na hit yanastahili kueleweka, kwa sababu yapo karibu kwa kila kampuni. Hit maana yake nodi ilikuwa na nakala, ikakupa. Miss maana yake haikuwa nayo, ikaenda kuifuata. Wikimedia ina tabaka mbili za ghala katika kila kituo, ndiyo maana jina la mashine moja huweza kutokea mara mbili: la kushoto ni ghala la nyuma, la kulia ni la mbele. Ukiwa umeingia kwa akaunti yako ili kuhariri, utaona pass, maana ukurasa wako hauwezi kutoka ghalani. Nodi inalazimika kwenda hadi kwenye kituo kikuu, Marekani. Waandishi wa Wikipedia wanaolalamika kwamba kusoma ni chapuchapu na kuhariri ni kwa mwendo wa konokono hawajaota. Njia zenyewe ni mbili.

Katika vichwa hivyo kuna pia x-client-ip, ambayo ni anwani yako wewe. Ifute kabla ya kusambaza.

Karibu kwa ramani, mbali kwa mkataba

Swali linalofuata ni kwa nini mtu wa Tinde atupwe Johannesburg au Frankfurt wakati Dar ipo. Jibu haliko kwenye ramani. Kampuni kama Cloudflare hutangaza anwani moja ya IP kutoka miji mingi kwa wakati mmoja, na mtandao wako wa simu ndio unaochagua njia ya kuifikia. Uchaguzi huo hufuata mikataba: nani kaunganishwa na nani, wapi, na kwa gharama gani. Kama mtoa huduma wako amekutana na kampuni ya proksi Dar es Salaam, utapata DAR. Kama ananunua njia yake kwa kampuni ya nje inayokutana nayo Ulaya, utapata Ulaya. Ndiyo maana wale wawili wa benchi moja, mmoja kwa Airtel na mwenzake kwa Halotel, wanaweza kupewa miji miwili. Badili laini, rudia kipimo, linganisha.

Suala hili la wapi mitandao inakutana lina historia hapa nchini. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha Dar es Salaam, TIX, kuanzishwa mwaka 2004 na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, barua pepe kati ya ofisi mbili za Dar zenye watoa huduma tofauti iliweza kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti kabla ya kurudi mtaa wa pili. Ulipofika mkongo wa baharini wa SEACOM mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambaa mikoani, umbali ulipungua sana. Mikataba haikupungua sawasawa na umbali.

Kuna kampuni zinazotumia utaratibu mwingine: zinaangalia ni seva gani ya DNS (ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) imeuliza jina hilo, zinakadiria uko wapi, kisha zinakupa anwani ya nodi inayofaa. Hapo mpangilio mmoja wa simu unaweza kukuharibia. Simu za Android tangu toleo la 9 zina sehemu iitwayo Private DNS. Ukiwa umeandika humo jina la huduma fulani kwa sababu rafiki alikwambia inaongeza kasi, makadirio yanaweza kufuata ilipo huduma hiyo badala ya ulipo wewe. Iache kwenye Automatic, pima tena, uone kama nodi imebadilika.

Ukitilia shaka mji uliotajwa, muda wa safari utakufichulia ukweli. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Hesabu yake ni nyepesi: kila milisekunde moja ya kwenda na kurudi haiwezi kubeba zaidi ya kilomita 100 za umbali. Kutoka Dar hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo hakuna jibu la Frankfurt linaloweza kufika chini ya milisekunde 70, na kwa njia halisi za nyaya ni zaidi ya hapo kwa mbali. Ukituma ping, yaani ombi fupi la kupima muda wa kwenda na kurudi, ukapata milisekunde 35, nodi hiyo haiko Ulaya hata kama tovuti ya kukisia mahali inang'ang'ania kwamba iko Uholanzi. Ukipata 180, usiharakishe kusema iko mbali. Mnara uliojaa watu siku ya gulio unaweza kukuongezea mia nzima. Pima usiku pia.

Tarehe 12 Mei 2024 Watanzania wengi waliikuta intaneti haipo au inasuasua. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku kama hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kuona DAR hakumaanishi usalama kamili. Nodi ya ndani ya nchi yenye nakala ghalani inaweza kuendelea kugawa picha na kurasa za habari. Ikiombwa kitu ambacho haina budi kukichukua kwa seva mama iliyoko ng'ambo, inabaki mikono mitupu, na wewe unapata 522 yenye jina la Dar es Salaam juu yake. Dar haikuwa na kosa.

Vitu vinavyokudanganya

Opera Mini ina wapenzi wengi huku kwetu kwa sababu inakula bando kidogo. Tangu ilipoenea duniani mwaka 2006 kazi yake imekuwa ileile: ombi lako linakwenda kwanza kwenye seva za Opera, zinafungua ukurasa kwa niaba yako, zinaubana, zinakutumia. Ikiwa katika hali ya kubana data kwa kiwango cha juu, trace itakuonyesha nodi iliyo karibu na seva ya Opera, na loc= yaweza kutaja nchi usiyowahi kuikanyaga. Kwa kipimo tumia Chrome au Firefox.

VPN ni hivyohivyo, kwa nguvu zaidi. Ukiwasha VPN ya Uingereza utaona nodi ya London, na hujapima chochote kuhusu Tinde. Ikumbukwe pia kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN kusajili taarifa zao. Vyovyote iwavyo, izime kabla ya kupima.

Zamani kulikuwa na proksi za kimyakimya za watoa huduma na za maofisini, zilizoingilia kila ukurasa na kuacha jina lao kwenye Via. Siku hizi tovuti nyingi zimefungwa kwa HTTPS, na proksi ya namna hiyo haiwezi kuongeza kichwa ndani ya mazungumzo yaliyofungwa. Ukitaka kujua kama ipo kwenye njia yako, jaribu anwani ya http isiyo na s, kama http://example.com, usome vichwa.

Kutolewa nje katikati ya fomu

Hili ni la wale wanaojazia watu fomu: maombi ya mikopo ya wanafunzi, leseni, ajira, usajili wa biashara. Umejaza kurasa tatu, umepandisha viambatisho, unabonyeza kuendelea, mfumo unakurudisha mwanzo kukudai nywila. Mteja anakutazama kama vile umemlia fedha yake.

Chanzo kimoja cha kawaida ni hiki. Mbele ya mfumo kuna mgawa mzigo anayesambaza maombi kwenye nodi kadhaa. Nodi ya kwanza inakukumbuka; ya pili haikujui. Ili usihamishwe, mgawa mzigo hukupachika kidakuzi chenye jina la nodi yako, au hutumia anwani yako ya IP kukutambua. Kidakuzi unaweza kukiona: F12, kisha Application kwa Chrome au Storage kwa Firefox, halafu Cookies. Kitu kama SERVERID chenye thamani web2, au JSESSIONID inayoishia na nukta na node1, ndicho kitambulisho cha nodi yako. Thamani hiyo ikibadilika katikati ya kazi bila wewe kutoka, umehamishwa.

Kinachowaponza wengi huku ni kubadili laini katikati ya fomu. Mtandao wa kwanza unaonekana mzito, unahamia hotspot ya laini ya pili, anwani yako inabadilika, na mfumo unaokutambua kwa anwani unakupeleka nodi nyingine. Chagua laini kabla ya kuanza na ubaki nayo mpaka kumbukumbu namba ya malipo itoke. Na usimtumie mtu picha ya kidakuzi kizima cha JSESSIONID wakati bado umo ndani: aliye nacho anaweza kuingia kama wewe. Fundi anahitaji kipande cha mwisho tu, kile cha node1.

Kwa mwenye seva zake

Shule, chuo au ofisi iliyofunga proksi mbili za Squid kwa ajili ya kuokoa bando itajikuta siku moja inauliza ni ipi inayogoma. Squid hukusaidia bila kuombwa: chini ya ukurasa wake wa kosa huandika muda na jina la mashine iliyoutengeneza. Shida huja pale fundi aliyefunga alipozipa zote jina moja kwa visible_hostname ili zionekane kama kitu kimoja. Hilo linaruhusiwa, ila kila moja ipewe unique_hostname yake. Squid hutumia jina hilo kwenye Via kugundua ombi linalozunguka kati ya proksi bila kufika. Majina yakifanana, proksi ya pili itadhani ombi la jirani yake ni lake lililorudi.

Kwa Nginx, mstari mmoja kwenye kila nodi unatosha:

add_header X-Served-By $hostname always;

Neno always lisiachwe, kwa kuwa bila hilo kichwa hakitokei kwenye kurasa nyingi za makosa, na huko ndiko unakokihitaji. Ongeza $upstream_addr kwenye logi zako ujue kila ombi lilipelekwa seva gani ya nyuma. Kwa HAProxy, jina la seva ya nyuma huonyeshwa kwa http-response set-header X-Served-By %s. Hata hivyo, jina utakaloonyesha nje liwe fupi na lisilo na maana kwa mgeni, kama a1 na a2. Kutangaza anwani za ndani za mtandao wako kwa kila anayepita ni kumrahisishia kazi mwizi.

Ukishapata alama, mpelekee nani?

Kama kosa liko upande wa seva mama, mwandikie mwenye tovuti. Kama laini moja inapelekwa nodi ya mbali na nyingine haipelekwi, mwandikie mtoa huduma wa laini hiyo. Usipeleke malalamiko ya aina ya "mtandao unasumbua tangu jana". Hayo yatajibiwa kwa ushauri wa kuzima simu na kuiwasha. Andika hivi:

"Niko Tinde, Shinyanga, natumia laini ya (taja). Tovuti (taja) ilinipa kosa 522 tarehe 14, saa 10:20 kwa saa za Afrika Mashariki, yaani 07:20 UTC. Nodi ni DAR, Ray ID ni (nakili). Kwa laini ya pili, dakika hiyohiyo, nodi ilikuwa NBO na ukurasa ulifunguka."

Saa ziangaliwe sana. Kurasa za makosa huandika muda wa UTC, ulio nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Juu yake kuna mazoea yetu ya kusema saa nne asubuhi, na fundi aliyeko Dublin au Bangalore, hata wa Dar anayesoma tiketi iliyotafsiriwa, ataingia kwenye logi za saa 04:00 asikute kitu, kisha afunge tiketi yako. Andika kwa tarakimu za saa 24, weka na UTC pembeni. Na ripoti mapema, siku ileile ikiwezekana: logi za maombi hazihifadhiwi daima, na Ray ID ya mwezi uliopita huenda isipate mtu wa kuitafuta.